Sura ya Sita: Vazi la Joto, Vazi la Uhai

Kila mwaka, kati ya Januari na Aprili, chewa wa Atlantiki huondoka Bahari ya Barents, kaskazini kabisa mwa Ulaya, wakaenda kutaga mayai kwenye visiwa vya Lofoten nchini Norwei. Huyu si chewa wa miambani anayejulikana na wavuvi wa Lamu au Mafia. Ni samaki wa maji baridi, na akiwa katika safari hiyo Wanorwei humwita skrei. Watu wamekuwa wakimngojea hapo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Nyama yake huanikwa juu ya vichanja vya miti, upepo wa baridi ukaikausha bila chumvi hata punje, kisha huuzwa Italia, Nigeria na kwingineko. Vijiji vyote vya Lofoten vimesimama juu ya uvuvi huo, na msimu wake huangukia miezi ambayo kila mwenye hiari hukaa ndani karibu na moto.

Lofoten iko kwenye latitudo ya 68 kaskazini, ndani ya Duara la Aktiki. Bahari yake haigandi kwa sababu mkondo wa maji ya uvuguvugu kutoka Atlantiki hupita karibu na pwani hiyo. Skrei hutafuta tabaka la maji lenye nyuzi 4 hadi 6 za Selsiasi, na huko ndiko mishipi na nyavu zinakoshushwa. Hewa iliyo juu ya mashua mara nyingi hucheza karibu na sifuri, na siku nyingine hushuka nyuzi kumi chini yake.

Baridi ya namna hii ina ukali wake wa pekee. Kwenye nyanda zilizoganda, mbali na bahari, theluji hutua begani ikiwa unga mkavu, mtu akaipangusa akaendelea na safari. Kwenye mashua kila kitu ni majimaji: kamba inayovutwa, samaki anayepandishwa, wimbi linalopasuka kwenye omo na kurusha manyunyu hadi tezi, hata jasho la mvutaji mwenyewe. Na chini ya ubao mmoja tu kuna bahari inayoweza kumuua mtu mwenye afya tele kabla hajapiga kelele mara mbili.

Kwa hiyo sura hii ina hoja moja. Mvuvi wa majira ya baridi akijiuliza avae nini ili asisikie baridi, ajiulize papo hapo avae nini ili asife akianguka. Tumezoea kuyatenga maswali hayo, la kwanza tukalipeleka kwa fundi wa nguo na la pili kwa mkaguzi wa vyombo, na kutenganisha huko kumegharimu maisha ya watu wengi.

Joto ni la mwili

Nguo haina joto lake. Chupa ya chai haichemshi chai; inalinda tu moto uliotiwa ndani yake, na sweta hufanya kazi hiyo hiyo. Chanzo cha joto ni mwili. Mtu mzima aliyetulia huzalisha joto la takriban wati 100, na akivuta nyavu kwa nguvu huzalisha mara kadhaa ya kiasi hicho. Joto hilo linatosha kumweka mtu vizuri katika hewa ya baridi kali, ilimradi lisitoroke upesi kuliko linavyozalishwa.

Kinachozuia joto kutoroka ni hewa iliyotulia. Sufu ya kondoo ina nyuzi zilizojikunja ambazo hushika hewa katikati yake. Manyoya ya ndege, kitambaa cha poliesta chenye manyoya mafupi, na sponji iliyo ndani ya koti la baharini vyote hufanya vivyo hivyo kwa njia tofauti. Ukilibana sweta hadi hewa ikatoka, umeondoa kinga. Ukilivaa chini ya koti linalobana kifua, umelipa fedha ya sweta ukapata nusu yake.

Hewa hiyo ina maadui wawili. Wa kwanza ni upepo. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 Wamarekani wawili waliokuwa Antaktika, Paul Siple na Charles Passel, walitundika chombo cha plastiki chenye maji nje ya jengo lao, wakapima maji yalichukua muda gani kuganda katika upepo wa kasi mbalimbali. Kutokana na kazi hiyo, iliyochapishwa mwaka 1945, wataalamu wa hali ya hewa walianza kueleza baridi ya upepo kwa tarakimu. Mwaka 2001 Marekani na Kanada zilianza kutumia kanuni mpya. Kwa kanuni hiyo, hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri ikiwa na upepo wa kilomita 30 kwa saa huusumbua uso wa mtu kama hewa tulivu ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Mvuvi akumbuke kwamba mashua hutengeneza upepo wake. Bahari ikiwa shwari kabisa, chombo kinachokwenda kilomita 30 kwa saa kimeshawapa abiria wake upepo huo. Wengi huganda wakati wa kwenda na kurudi, wakati wa kuvua wakawa salama.

Adui wa pili, na ndiye mkubwa, ni maji. Maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa. Nguo ikilowa, zile nafasi zilizokuwa zimejaa hewa hujaa maji, na ukuta wa kinga hugeuka kuwa njia ya kupitishia joto. Maji hayo hayatoki baharini peke yake. Lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoka na takriban kilokalori 580 za joto la mwili. Mtu wa kuvuta nyavu hulowana kutoka ndani wakati wa kazi, kisha nyavu zikiisha akakaa kupumzika, upepo ukamkuta na fulana mbichi. Hapo ndipo baridi humwingia.

Walichojua wazee

Wavuvi wa kaskazini waliyafahamu haya muda mrefu kabla ya vipimo vya Antaktika. Enzi za mashua za wazi, zile za makasia na tanga la mraba, mvuvi wa Lofoten alivaa sufu tupu mwilini: fulana, suruali ya ndani, soksi na sweta. Juu yake alivaa koti na suruali za ngozi zilizopakwa mafuta ya ini la samaki ili zikatae maji. Mavazi hayo yalikuwa mazito, magumu na yenye harufu kali, ila yalitenga kazi mbili vizuri: sufu ilishika hewa, ngozi ilizuia maji yasiifikie hewa hiyo.

Sufu ilichaguliwa kwa sababu. Inaweza kunyonya mvuke wa kiasi cha asilimia 30 ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi kwamba imelowa, na inaponyonya mvuke hutoa joto kidogo. Hata ikilowa, nyuzi zake hubaki zimejikunja zikashika hewa kiasi. Pamba hufanya kinyume: hunywa maji kwa wingi, hulala juu ya ngozi, hukauka polepole. Fulana ya pamba ni rafiki wa mtu wa Mombasa mwezi wa pili. Chini ya koti la mvua katika bahari ya Norwei, humpoza mvaaji kila dakika. Suruali ya jinzi ni vivyo hivyo.

Akili ya wazee inaonekana zaidi mikononi. Katika Norwei, Aisilandi na pwani ya Maine nchini Marekani, wanawake walifuma glavu za sufu za mfuko mmoja, zenye nafasi ya kidole gumba tu, kubwa kuliko mkono. Kisha zilisuguliwa ndani ya maji hadi zikasinyaa, nyuzi zikashikana na kuwa kitambaa kizito kisichopitisha upepo. Za Aisilandi zilikuwa na vidole gumba viwili, kila upande kimoja, ili kiganja kikiliwa na kamba mvuvi aigeuze glavu aendelee na upande mzima. Wavuvi wa Maine walizichovya glavu zao katika maji ya bahari, wakazikamua, wakazivaa mbichi. Jambo hilo lina hekima yake. Maji ya bahari hayashuki chini ya takriban nyuzi 2 chini ya sifuri kabla ya kuganda, kwa hiyo siku ya hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri maji ni vuguvugu kuliko hewa. Sufu nzito ikiyashika yasitembee, mkono huyapasha joto na kukaa nayo.

Mwaka 1877, katika mji wa Moss nchini Norwei, nahodha Helly Juell Hansen na mkewe Maren Margarethe walianza kushona makoti ya kitani kigumu kilicholowekwa katika mafuta ya mbegu za kitani. Biashara yao ingali hai hadi leo kwa jina la Helly Hansen. Koti la mafuta lilikuwa jepesi kuliko ngozi, likazuia maji kwa uhakika zaidi. Mwaka 1933 ofisa wa jeshi la Norwei, Henrik Brun, alichukua nyavu kuukuu za kuvulia samaki akatengeneza fulana yenye matundu makubwa. Wenye kuiona walishangaa vipi tundu litie joto. Matundu yale yalishika hewa kati ya ngozi na nguo ya pili, na jasho likapata pa kupita likaenda zake. Fulana za aina hiyo zingali zinatengenezwa.

Kuvaa kwa tabaka

Mpango wa leo ni ule ule wa wazee, ila vitambaa vimebadilika. Tabaka la kwanza hugusa ngozi, na kazi yake ni kuondoa jasho: sufu laini ya merino au polipropilini, isiyobana wala kupwaya. Tabaka la kati hushika hewa: sweta la sufu au koti la poliesta yenye manyoya, na ni bora kuwa na mawili membamba kuliko moja nene, kwa maana membamba huongezwa na kupunguzwa. Tabaka la nje huzuia maji na upepo.

Hilo la mwisho huwagawa wavuvi. Tangu Robert Gore wa Marekani agundue mwaka 1969 namna ya kuvuta plastiki hadi ikawa na vitundu vidogo mno, vinavyopitisha mvuke na kukataa matone, kumekuwa na makoti yanayopumua. Mwenye mshipi mmoja, aliyekaa kwenye boti ndogo akingoja samaki, hunufaika nayo. Wavuvi wa kazi wengi wamebaki na koti na suruali za plastiki nzito zisizopumua, suruali yenye kifua na kanda za mabegani, kwa kuwa damu, utelezi wa samaki, chumvi na ndoano huharibu upesi vile vitundu vya gharama. Plastiki nzito huoshwa kwa mpira wa maji jioni ikawa tayari asubuhi. Anayevaa plastiki isiyopumua alipe gharama yake kwa njia nyingine: afungue koti mapema, kabla jasho halijatoka, na avue sweta moja dakika chache kabla ya kuanza kuvuta. Akihisi ubaridi kidogo mwanzoni mwa kazi, amevaa sawasawa.

Kuna mengine madogo yanayoamua siku nzima. Suruali ya mvua iteremke nje ya buti, isichomekwe ndani, maana maji hufuata mteremko. Anayefanya kazi mikono ikiwa chini aweke mkono wa koti juu ya glavu. Anayeinua mikono juu mara kwa mara afanye kinyume, la sivyo maji yatateremka hadi kwapani. Shingo ndiyo mlango mkubwa wa hewa ya joto inayosukumwa nje kila mtu anapoinama, kwa hiyo skafu fupi isiyoning'inia, au shingo ndefu ya sweta, hufanya kazi kubwa kuliko ukubwa wake. Skafu ndefu ikinaswa na mashine ya kuvutia nyavu itamuua mvaaji.

Mikono, miguu, kichwa

Mwili unapopoa huanza kujihami kwa kubana mishipa ya damu ya mikono na miguu, ili damu ya moto ibaki kwa moyo, mapafu na ubongo. Anayehisi vidole vinakufa ganzi hukimbilia glavu nene zaidi. Mara nyingi dawa iko kifuani: kiwiliwili kikipata joto la kutosha, mwili hufungua tena njia ya damu kwenda vidoleni. Hata hivyo glavu hazikwepeki. Ngozi ya vidole ikishuka chini ya nyuzi 15 hivi, wepesi wake hupungua, na kwenye mashua vidole vizito hushindwa kufungua fundo, kushika kisu, au kuachia kamba inayokimbia. Beba jozi zaidi ya moja, na zile kavu zikae ndani ya mfuko usioingia maji.

Mazoea husaidia kiasi. Mwaka 1960 Jacques LeBlanc na wenzake walichapisha utafiti juu ya wavuvi wa Gaspé, katika jimbo la Quebec nchini Kanada, waliozoea kutia mikono katika maji ya barafu. Mikono yao ilibaki na joto zaidi kuliko ya watu wengine ilipotumbukizwa katika maji baridi. Mgeni asiuige ustadi huo kwa kuvua mikono mitupu siku ya kwanza.

Buti za mpira ziwe kubwa kwa namba moja. Soksi mbili ndani ya buti inayobana huzuia damu na kutoa hewa, mguu ukapoa kuliko ungevaa soksi moja. Sakafu ya chuma au faiba hunyonya joto kupitia soli, kwa hiyo soli ya ndani ya sufu iliyogandamizwa, au kipande cha ubao au mpira cha kusimamia, kina thamani. Soksi zilizolowa zibadilishwe. Miguu iliyokaa siku nyingi katika ubichi wa baridi huumia mishipa ya fahamu hata bila kuganda, kama ilivyowapata askari wa mahandaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Kuhusu kichwa, ile kauli kwamba nusu ya joto la mwili hutokea hapo haina msingi. Kichwa hupoteza joto karibu na kadiri ya ukubwa wake, yaani kiasi cha sehemu moja ya kumi. Lakini mishipa ya kichwa haijibani kama ya mikono, na kichwa wazi katika upepo kitaendelea kumwaga joto. Mzula wa sufu unaofunika masikio, na kofia ya koti juu yake wakati wa mawimbi, vinatosha.

Mwili wenyewe unahitaji kuni. Kutetemeka hula nishati nyingi, kwa hiyo mvuvi ale chakula kizito kabla ya kutoka na awe na kinywaji cha moto ndani ya mashua. Pombe humdanganya: hufungua mishipa ya ngozi, mtu akahisi moto huku joto la ndani likimtoka. Na kwa kuwa baridi huongeza haja ya kukojoa, chagua suruali inayofunguka kirahisi. Mtu aliyesimama ukingoni akipambana na vifungo kwa vidole vya ganzi yuko katika hatari kubwa kuliko anavyodhani.

Dakika ya kwanza majini

Usiku wa tarehe 11 Machi 1984, chombo cha uvuvi kiitwacho Hellisey kilipinduka karibu na visiwa vya Westman, kusini mwa Aisilandi, baada ya wavu wake kunasa chini ya bahari. Kilikuwa na watu watano. Maji yalikuwa na nyuzi 5 au 6. Kijana wa miaka 22, Guðlaugur Friðþórsson, aliogelea kilomita tano au zaidi kwa muda wa saa tano hadi sita, akiwa na shati, sweta na jinzi, kisha akatembea miguu mitupu juu ya mawe makali ya volkano hadi kijijini. Wenzake wanne hawakurudi.

Madaktari walimchunguza, baadaye hata mjini London, wakaona mwili wake mkubwa ulikuwa na mafuta mazito chini ya ngozi kuliko ilivyo kawaida. Mafuta hayo yalikuwa kinga ambayo maji hayakuweza kuilowesha. Kila aliyesikia habari zake alistaajabia moyo wa kijana yule, na alistahili. Lakini wenzake nao walipigania uhai, na asiye na mafuta hayo chini ya ngozi hana budi kuvaa kinga ya namna hiyo juu ya ngozi.

Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, aliyetumia miaka mingi kuchunguza baridi na mwili wa binadamu, ameyafupisha yanayompata mtu aliyeanguka katika maji ya barafu kwa hesabu tatu: dakika 1, dakika 10, saa 1. Katika dakika ya kwanza baridi hushtua ngozi, mtu akavuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, kisha akahema mbio asiweze kujizuia. Pumzi hiyo ikimkuta kinywa kiko chini ya maji, amekwisha. Akivuka hapo ana takriban dakika kumi ambazo mikono na miguu ingali inamtii. Baada yake misuli hulegea hata kwa muogeleaji hodari. Na ni baada ya saa moja hivi ndipo joto la ndani hushuka hadi akapoteza fahamu. Wengi wanaosemwa wamekufa kwa baridi kumbe walizama mapema mno, mwili ukiwa ungali na joto.

Hapa maswali yetu mawili yanakutana. Sweta nzuri kuliko zote haisaidii chochote katika ile dakika ya kwanza. Kinachosaidia ni kitu cha kukiweka kinywa juu ya maji. Nchini Marekani, kati ya mwaka 2000 na 2009, wavuvi wa kibiashara 504 walikufa kazini, na 155 kati yao walikufa kwa kuanguka kutoka chomboni. Hakuna hata mmoja wa hao 155 aliyekuwa amevaa jaketi okozi. Wengi wa wanaoacha kulivaa husema hunasa kamba, huongeza jasho, huzuia mikono. Malalamiko hayo ni ya kweli kwa jaketi la kizamani lililotundikwa juu ya nguo za kazi kama mzigo wa ziada.

Jibu limepatikana katika elimu ile ile ya joto. Hewa iliyofungwa ndani ya sponji yenye vishimo vilivyozibika humpa mvaaji joto, na hewa hiyo hiyo humwelesha majini. Maji hayawezi kuitoa, kwa sababu kila kishimo kimezibwa peke yake. Koti au ovaroli iliyoshonewa sponji hiyo huchukua nafasi ya tabaka la kati na la nje kwa pamoja. Mvuvi huivaa kwa sababu ina joto, na siku akianguka humkuta tayari amevaa. Kwa wale ambao kazi yao huwatoa jasho sana, kuna jaketi okozi jembamba linalojaa gesi lenyewe likigusa maji, na huvaliwa juu ya suruali ya plastiki bila kuzuia mikono.

Suti kamili ya kuokolea, ile inayofunika mwili mzima ikabakiza uso, ni jambo jingine: hutunzwa tayari kwa siku ya chombo kuzama. Sheria ya Marekani ya mwaka 1988 ilivitaka vyombo vya uvuvi vya bahari baridi kuwa na suti hizo pamoja na vifaa vingine vya uokoaji, na vifo vya wavuvi wa Alaska vikapungua sana katika miaka iliyofuata. Kuwa nayo hakutoshi. Kila baharia ajizoeze kuivaa gizani, kwa haraka, kabla hajaihitaji.

Aliyeanguka asivue nguo zake. Wengi huamini buti zikijaa maji zitamvuta mtu chini. Maji yaliyo ndani ya buti hayana uzito ukiwa majini. Uzito huja wakati wa kupanda chomboni. Nguo zilizofungwa vizuri hushika hewa kwa muda na hupunguza mwendo wa maji baridi juu ya ngozi. Atulie kwanza hadi pumzi imrudie, kisha atumie zile dakika kumi kupanda juu ya chochote. Na wanaomwokoa wamweke amelala, wasimsimamishe, kwa maana moyo uliopoa huyumba upesi damu inapokimbilia miguuni.

Baridi ya ikweta

Msomaji wa Musoma, Mbita au Bukoba anaweza kuona haya yote yako mbali naye. Mvuvi wa dagaa katika Ziwa Viktoria hutoka jioni, hasa usiku usio na mwezi, akawasha taa na kukaa juu ya maji hadi alfajiri. Amelowa kutoka kwenye wavu, upepo wa usiku unamkausha, na kazi yake ni ya vipindi: kuvuta kwa nguvu, kisha kungoja bila kutikisika. Mpangilio wa jasho na upepo ni ule ule wa Lofoten, ijapokuwa tarakimu za kipimajoto zimepishana mno. Maji ya ziwa yana nyuzi ishirini na kitu, lakini mwili una 37, na mtu aliyeshikilia mtumbwi uliopinduka tangu saa sita usiku hupoteza joto lake kila saa inayopita.

Mitumba imetuletea sokoni makoti yaliyoshonwa kwa ajili ya baridi ya kaskazini, na wavuvi wengi huyavaa ziwani. Wayachague kwa kanuni za sura hii: sweta la sufu au poliesta kabla ya la pamba, koti la mvua juu yake, na nguo kavu ya akiba ndani ya ndoo yenye mfuniko. Koti kubwa lililojazwa manyoya ya ndege ni zuri kwenye kituo cha basi huko Toronto. Likilowa mtumbwini husinyaa likawa kitambaa kizito. Na jaketi okozi livaliwe juu ya vyote, lifungwe. Likiwa limekaliwa kama mto, halimsaidii aliyerushwa na wimbi la ghafla gizani. Kwa mvuvi wa ziwani lina faida ambayo wauzaji hawaitaji: sponji yake hukinga kifua na mgongo dhidi ya upepo wa alfajiri, yaani pale hasa ambapo mwili hulinda joto lake.

Gharama ya mavazi haya si ndogo, na wanaoyahitaji zaidi mara nyingi ndio wenye mgawo mdogo wa samaki. Ndiyo maana jambo hili haliwezi kuachwa mikononi mwa kila mvuvi peke yake. Mwenye chombo hununua injini, nyavu, taa na mafuta kwa sababu bila hivyo hakuna uvuvi. Mavazi ya watu wake yanastahili kuandikwa katika daftari hilo hilo, kwa kuwa mikono iliyokufa ganzi haivuti, na mtu aliyezama harudi kazini kesho. Nahodha naye akague mavazi kabla ya kung'oa nanga kwa uzito ule ule anaokagulia injini, aanze na yake mwenyewe, na asiye na vazi la kumweka mkavu na kumwelesha abaki nchi kavu siku hiyo.